Kilomita 5 kwa mwanga, kilomita 400 kwa waya: leza iliyovuka Mto Kongo na maswali iliyoyaacha

Ukiiacha Roma na Vatikani, ambayo imo ndani ya Roma yenyewe, hakuna miji mikuu miwili duniani inayotazamana kwa karibu kama Kinshasa na Brazzaville. Anayesimama kwenye gati la Beach Ngobila, upande wa Kinshasa, huyaona majengo marefu ya Brazzaville ng'ambo ya maji kama mtu anayeutazama mtaa wa pili. Kilingala husikika kwenye kingo zote mbili, na familia nyingi zina watu huku na huko. Hata hivyo daraja hakuna. Makubaliano ya kujenga daraja la barabara na reli lenye urefu wa mita 1,575 yalitangazwa mjini Johannesburg mwezi Novemba 2018, baada ya miongo ya mazungumzo, na bado wasafiri huvuka kwa boti.

Waya nao ulikwama hapohapo. Mto Kongo ndio mto wenye kina kirefu kuliko yote inayojulikana duniani, na kwa wingi wa maji unazidiwa na Amazon peke yake. Chini kidogo tu ya miji hiyo miwili huanza maporomoko ya Livingstone, ambako maji hukimbia kwa kishindo hadi karibu na bahari. Kulaza waya wa faiba kwenye sakafu ya mto wa namna hiyo ni kazi ya gharama kubwa na ya kukata tamaa. Kwa hiyo ujumbe uliokuwa ukitoka Brazzaville kwenda Kinshasa, umbali ambao mvuvi huuvuka asubuhi moja, ulilazimika kuzunguka njia ya waya yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400. Mzunguko huo una bei yake. Kwa mujibu wa kampuni iliyokuja kuushughulikia, gharama ya mawasiliano Kinshasa ilikuwa ikifika hadi mara 5 ya ile ya Brazzaville.

Mwaka 2021 mwanga ulifanya kile ambacho daraja na waya vilishindwa. Kampuni ya mawasiliano ya Liquid, iliyo katika kundi la Econet, ilishirikiana na mradi wa Taara, wakati huo ukiwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google. Vifaa viwili vya leza viliwekwa juu, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, umbali wa kilomita 4.8, vikatazamana. Mwale wao ni wa infraredi, yaani mwanga ulio nje ya upeo wa jicho la binadamu, chini ya rangi nyekundu. Abiria wa boti hawauoni. Lakini ndani ya mwale huo husafiri hadi gigabiti 20 kwa sekunde.

Mnamo Septemba mwaka huo wahandisi wa mradi walitangaza kwamba katika siku 20 kiungo hicho kilibeba karibu terabaiti 700 za data, na kwamba kilikuwa kazini kwa asilimia 99.9 ya muda. Takwimu hizo zilinukuliwa kila mahali. Mara chache mtu aliketi kuzipigia hesabu.

Hesabu ya siku 20

Terabaiti 700 katika siku 20 ni wastani wa gigabiti 3.2 hivi kwa sekunde, takriban moja ya sita ya uwezo uliotajwa. Hilo si kosa la leza. Barabara kuu haipimwi kwa magari ya saa tisa usiku, na kiungo cha mawasiliano hujengwa kwa ajili ya saa ambazo mji mzima uko macho. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba kisichotosha katika mji kama Kinshasa si lazima kiwe upana wa bomba kuu. Mara nyingi ni mabomba madogo yanayotoka hapo kwenda mitaani.

Asilimia 99.9 nayo, kwa siku 20, maana yake ni kukatika kwa dakika 29 tu. Kwa mtu aliyezoea intaneti ya Masina au Ndjili hiyo ni neema. Ila siku 20 si mwaka. Kinshasa ina kiangazi chake kati ya Juni na Septemba, kisha hufuata miezi mirefu ya mvua kubwa za alasiri. Endapo asilimia hiyohiyo ingedumu mwaka mzima, kukatika kungefika karibu saa 9 kwa mwaka, jambo linalovumilika iwapo kuna njia ya akiba. Swali ni kama ingedumu. Wenye mradi wenyewe walikiri wazi kwamba hawatarajii uthabiti kamili katika kila hali ya hewa.

Kulenga peke yake ni kazi. Wahandisi hao waliifananisha na kutumia mwale mwembamba kama kijiti cha kulia chakula cha Wachina, kupiga shabaha ya sentimita 5 iliyo umbali wa kilomita 10. Mnara hutikiswa na upepo, bati la paa hutanuka jua linapowaka, ndege hupita. Vioo vidogo ndani ya kifaa hujigeuza muda wote ili kulikamata tena jicho la mwenzake. Katika orodha ya vizuizi walivyopambana navyo walimtaja hata tumbili mdadisi, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kufunga antena vijijini.

Mwanga uliosema kabla ya redio

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko redio. Tarehe 3 Juni 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti ya mtu kwa mwale wa jua, kutoka paa la shule hadi dirisha la maabara, umbali wa takriban mita 213. Kioo chembamba kilitikiswa na sauti, mwanga ukatikisika pamoja nacho, na upande wa pili seleniamu iliugeuza mtikisiko huo kuwa umeme na kuwa sauti tena. Bell alikithamini chombo hicho kuliko simu yake. Lakini wingu likipita, mazungumzo yalikwisha, na dunia ikachagua waya.

Miaka 140 baadaye adui ni yuleyule, hewa, na hapa ndipo vyuo vikuu vinapoingia. Kampuni huuza kifaa. Kwa nini kifaa hukwama ni swali ambalo kwa sehemu kubwa limeachiwa maabara za vyuo.

Ukungu hufanyizwa na matone madogo mno, ya mikroni chache hadi makumi kadhaa. Leza nyingi za mawasiliano hutumia urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,550, yaani mikroni moja na nusu, kwa sababu ndiyo leza ya nyaya za faiba: ipo tayari, ni rahisi, na ni salama zaidi kwa macho. Kwa bahati mbaya wimbi dogo kiasi hicho hugonga matone ya ukungu na kutawanyika kila upande, kama mwanga wa taa za gari katika ukungu wa alfajiri kwenye barabara za milimani. Ukungu ukiwa mzito, mita mia chache hutosha kuumaliza mwale uliovuka kilomita 5 jana yake bila shida.

Hata hewa safi ina hila zake. Joto linapopanda kutoka ardhini au majini, hewa huchanganyika katika mafungu ya moto na baridi, na kila fungu hupindisha mwanga kidogo. Ndiyo maana nyota humetameta. Mwale wa leza humetameta vivyo hivyo, na kwa mashine inayosoma mabilioni ya ishara kwa sekunde, kumetameta ni sawa na kigugumizi. Chuo cha ETH Zürich cha Uswisi kilionyesha mwaka 2023 namna ya kukitibu: watafiti wake walituma karibu terabiti 1 kwa sekunde kati ya Jungfraujoch na kituo cha anga cha Zimmerwald karibu na Bern, umbali wa kilomita 53, wakitumia kifaa cha wenzao wa Ufaransa chenye vioo vidogo 97 vinavyourekebisha mwanga mara 1,500 kwa sekunde. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini vifaa vyake vyote ni vya maabara tajiri.

Barani Afrika kwenyewe, Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg kina maabara ya Profesa Andrew Forbes, mmoja wa wanaotajwa sana duniani katika fani ya mwanga uliopewa umbo. Badala ya mwale wa kawaida, mwanga husokotwa kama uzi wa bisibisi, na misokoto tofauti inaweza kubeba habari tofauti kwa wakati mmoja katika njia moja. Martin Lavery wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzake waliujaribu mwanga wa aina hiyo juu ya mji wa Erlangen, Ujerumani, kwa umbali wa kilomita 1.6, na ripoti yao ya mwaka 2017 ilitoa habari chungu: hewa ya mjini huiharibu misokoto hiyo kuliko ilivyodhaniwa. Habari ya namna hiyo haifiki kwenye matangazo ya kampuni. Ndiyo yenye faida zaidi.

Wimbi linalopita ukungu na kufia mvuani

Kama wimbi dogo hugonga tone, kwa nini lisitumike wimbi kubwa kuliko tone? Hoja hiyo rahisi ndiyo inayowavuta watafiti kuelekea mawimbi ya terahezi, eneo lililo kati ya redio na mwanga, kuanzia urefu wa milimita 3 hadi sehemu 3 za mia za milimita. Kwa miaka mingi eneo hilo liliitwa pengo: kasi yake ilikuwa kubwa mno kwa vifaa vya umeme vya redio, na ndogo mno kwa leza za kawaida.

Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya New Jersey, akiwamo John Federici, pamoja na mwenzao wa Bell Labs, waliandika juu ya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Walichukua mwale wa terahezi, kwenye masafa ya gigahezi 625, na mwale wa infraredi wa mikroni 1.5. Mionzi yote miwili ilibeba data ya gigabiti 2.5 kwa sekunde. Wakaipitisha katika chumba kimoja kilichojazwa ukungu wa kutengeneza. Infraredi ilidhoofika haraka hadi ikashindwa kusomeka. Terahezi ilipita karibu kana kwamba ukungu haupo. Kikundi hichohicho kilifanya jaribio la aina hiyo kwa mawingu ya vumbi, na ushindi ulikuwa wa upande uleule.

Matokeo hayo yangetosha kufunga mjadala kama dunia ingekuwa na ukungu na vumbi tu. Ipo mvua. Tone la mvua lina ukubwa wa milimita moja au zaidi, na wimbi la gigahezi 300 lina urefu wa milimita 1 barabara. Hapo ndipo wimbi na tone hukutana sawasawa. Upo pia mvuke, ambao hauonekani kwa macho. Molekuli za maji hewani hunyonya mawimbi ya terahezi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo unyonyaji unavyozidi: ukivuka terahezi 1 katika hewa yenye unyevu, mwale hautarajiwi kufika mbali kuliko mita mia chache. Hewa ya bonde la Kongo ina unyevu mwaka mzima. Kile kinachofaa asubuhi ya ukungu Zürich kinaweza kisifae alasiri moja ya Machi Kinshasa.

Kwa sababu hiyo kazi nyingi imejikusanya kwenye dirisha la karibu gigahezi 300, ambako mvuke hauna ukali sana. Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig nchini Ujerumani ni miongoni mwa vilivyotangulia. Kanuni ya kwanza ya kiufundi ya mawasiliano ya gigabiti 100 kwa sekunde katika masafa hayo ilipitishwa mwaka 2017. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kutambua jumla ya gigahezi 137 kati ya 275 na 450 kwa ajili ya mawasiliano ya namna hiyo. Ni eneo kubwa mno ukililinganisha na vipande vidogo ambavyo kampuni za simu huvigombea kwenye minada ya masafa.

Iko pia njia ya tatu, isiyozungumzwa sana, na huenda ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi na nchi za joto. Ni infraredi ya kati, yenye urefu wa wimbi kati ya mikroni 8 na 12 hivi, ambako hewa ina dirisha jingine la wazi. Wimbi hilo ni kubwa kiasi cha kustahimili moshi na vumbi vizuri kuliko leza za faiba, na halinyonywi na mvuke kwa ukali wa terahezi. Chanzo chake ni leza ya aina ya pekee, ambayo nadharia yake iliandikwa na Wasovieti Kazarinov na Suris mwaka 1971 na ikatengenezwa kwa mara ya kwanza Bell Labs mwaka 1994 na Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao. Ndani yake elektroni hushuka ngazi baada ya ngazi katika tabaka nyembamba mno za kioo cha nusukipitishi, na kila ngazi hutoa chembe ya mwanga, mfano wa maji ya maporomoko yanayozungusha gurudumu zaidi ya moja. Mwaka 2002 wanasayansi wa Pisa na Cambridge waliishusha leza hiyohiyo hadi kwenye terahezi 4.4, ila ilifanya kazi kwenye baridi kali mno, kwa kipimo cha kelvini 50. Ilichukua hadi 2020 kwa kikundi cha Profesa Qing Hu wa MIT kuifikisha kelvini 250, yaani nyuzijoto 23 chini ya sifuri, ambako kipoozeo kidogo cha umeme kinatosha. Kifaa cha kubeba mkononi kikaanza kuwezekana.

Kwa infraredi ya kati yenyewe, kikundi cha Frédéric Grillot wa chuo cha Télécom Paris kimekuwa kikitoa taarifa mwaka baada ya mwaka za kuibebesha leza hiyo data hewani. Kasi bado ni ndogo ukiilinganisha na faiba. Vipokezi ni ghali. Hakuna kampuni iliyoviweka juu ya mnara Kinshasa, wala haijaonekana dalili kwamba ipo inayojiandaa.

Mto unaokata waya

Inaweza kuulizwa kwa nini yote haya, ikiwa nyaya za baharini zipo na zinaongezeka. Jibu moja linatoka kwenye mto uleule. Mdomo wa Mto Kongo unaendelea chini ya bahari kama korongo refu. Mnamo Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mwisho wa 2019, tope na mchanga viliporomoka ndani ya korongo hilo na kwenda umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya Atlantiki, vikikata mikongo ya SAT-3 na WACS njiani. Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzake wameueleza mporomoko huo kuwa mmoja wa mirefu zaidi kuwahi kupimwa. Mwezi Agosti 2023 ukatokea mwingine, na mikongo hiyohiyo miwili ikakatika tena. Meli ya ukarabati ilihitaji wiki kadhaa. Mji ambao habari zake zote hupita kwenye mdomo wa mto mmoja hauna budi kutafuta mlango wa pili, na mlango huo unaweza kuwa kwa jirani.

Upande wa mashariki hali si tofauti sana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda walishinda siku nzima wakitazama duara linalozunguka kwenye simu. Kivu, ambayo huchota sehemu kubwa ya intaneti yake kupitia majirani wa mashariki, haiwezi kuwa salama pale majirani wenyewe wanapokosa.

Sehemu isiyo ya fizikia

Wanaotangaza leza hupenda kusema kwamba mwanga haujui mpaka. Maneno hayo ni kweli kwa mwanga peke yake. Kila upande wa mto kuna kampuni yenye leseni, na kila leseni ina mtoaji wake. Usiku wa kuamkia mwaka 2019, baada ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa iliamuru intaneti izimwe, nayo ikazimwa kwa karibu siku 20, muda uleule ambao miaka miwili baadaye ungetumika kuisifu leza. Machi 2021, siku ya uchaguzi, Brazzaville nayo iliingia gizani. Kiungo cha leza huishia kwenye chumba cha mashine kama kiungo kingine chochote, na mwenye ufunguo wa chumba ni yuleyule.

Hata imani kati ya majirani si jambo la kuchukuliwa kwa urahisi. Mwaka 2014 operesheni ya polisi iliyoitwa Mbata ya Bakolo iliwaondoa Brazzaville zaidi ya raia 100,000 wa upande wa pili, wengi wakivushwa mto na mizigo ya mkononi tu. Kwamba miaka 7 baadaye kampuni iliweza kuweka kifaa kila upande na viwili hivyo vikaelewana ni mafanikio ya wanasheria na wahandisi kwa pamoja, na pengine ya wanasheria zaidi.

Katika nchi nyingi mwanga hauhitaji kibali cha masafa kama redio. Hiyo ni nafuu kubwa, na ndiyo sababu mojawapo ya leza kusambaa haraka: Taara, iliyoanza barani na Liquid nchini Kenya mwishoni mwa 2020, ilitoka chini ya Alphabet na kuwa kampuni huru Machi 2025, ikiwa inafanya kazi katika zaidi ya nchi 10. Mzazi wake alikufa kabla. Ulikuwa mradi wa maputo wa Loon, uliofikisha intaneti kwa wateja wa Kenya Julai 2020 na kufungwa Januari 2021, miezi 6 tu baadaye. Leza hizi ni wazao wa zile zilizounganisha maputo hayo angani. Wenye kumbukumbu ya maputo wana haki ya kuuliza kila kiungo kipya kitadumu muda gani baada ya habari yake kuandikwa.

Mawimbi ya terahezi hayatapata nafuu hiyo ya vibali. Gigahezi 137 za Sharm el-Sheikh zitahitaji kugawanywa na mamlaka za kila nchi, na anayechelewa kuandika kanuni zake atajikuta akizinunua zilizoandikwa kwingine.

Kutoka Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500, na leza ya Mto Kongo haimfikishii chochote aliye Bukavu, Uvira au Fizi. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, walioko nyumbani na walioko ughaibuni wanaosubiri sauti ya mzazi kila Jumapili, jiografia inayohusika ni nyingine: Goma na Gisenyi zinazogusana, Bukavu na Rusizi zilizotenganishwa na mto mwembamba, Uvira na Bujumbura ambako usiku taa za upande mmoja huonekana upande wa pili wa ziwa. Umbali huo wote uko ndani ya kilomita 20 au zaidi kidogo, kiwango ambacho watengenezaji wa leza wanadai kukifikia. Milima ipo, na mlima ni mnara usiogharimu kitu. Umeme haupo: katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyeunganishwa. Na tangu M23 ilipoichukua Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, swali la nani atatia saini upande wa magharibi limekuwa gumu kuliko swali la ukungu. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024.

Wakati siasa hizo zikingojewa, ipo kazi ambayo haihitaji saini ya rais yeyote. Kabla ya kuamua kati ya infraredi ya faiba, infraredi ya kati na terahezi, mtu lazima ajue ni saa ngapi kwa mwaka ukungu hulala juu ya Ziwa Tanganyika, vumbi na moshi wa mashamba hupanda kiasi gani mwezi Agosti, mvua ya milimita ngapi hunyesha kwa saa moja mwezi Aprili. Nchini Afrika Kusini watafiti wa vyuo wamekadiria uimara wa viungo vya namna hii kwa kutumia vipimo vya upeo wa macho vinavyochukuliwa viwanjani kwa ajili ya marubani. Vipimo kama hivyo huchukuliwa pia kwenye uwanja wa ndege wa Bujumbura, kwa faida ya ndege zinazotua. Mwanafunzi mmoja wa fizikia, mwenye kompyuta na ruhusa ya kuzisoma kumbukumbu hizo, anaweza kuanza nazo.